Mama, si kila swali ni la kujibu

Siku hizi vijana wanapita parseli kwa parseli na simu mkononi, wakiuliza tunanunua sabuni gani na mafuta gani. Tunawajibu vizuri. Lakini wakimaliza sabuni, wanauliza mapato ya bwana na akiba yetu ya likelemba, shemeji akiwa amekaa palepale. Jibu moja la namna hiyo laweza kuleta vita nyumbani.

Tujue kwamba kujibu ni hiari. Muulizaji aliyefundishwa vizuri anasema kwanza nani amemtuma na majibu yatatumika kwa kazi gani. Anatafuta mahali pa kuongea wawili tu. Mambo ya feza anayaweka mwisho, wala haombi hesabu kamili: anaonyesha karatasi yenye ngazi A, B, C, D, na sisi tunataja herufi tu. Anayesikia pembeni haelewi kitu.

Akiomba jina na namba ya simu, tumuulize: ya nini? Sheria ya numeriki ya inchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za siri za kila mtu. Kusema «Hilo sijibu, endelea» si kukosa adabu. Nao mabinti wetu wanaopata kazi ya kuuliza, tuwafundishe hivyo hivyo.