Kitambi cha bosi na "flati skrini" ya dada

Jamani wadau, hebu pandeni daladala ya Mbagala au Manzese muone hesabu zetu zilivyo kichekesho. Mwanaume akipanda na kitambi chake, konda anamwita bosi na watu wanampisha. Akipanda dada asiye na makalio, kuna mtu atanong'ona "flati skrini". Akiwa nayo, basi "huyo katumia mchina". Hakuna anayepona isipokuwa bosi.

Naomba kutofautiana na hesabu hizi, kwa sababu mwenye hatari kwenye daladala ile ni bosi. Mafuta ya makalio na mapaja hukaa chini ya ngozi, yametulia. Sehemu ya mafuta ya kitambi huzunguka ini na utumbo, na ndiyo yanayoandamana na kisukari, presha na maradhi ya moyo.

Nani anapanga mgao huu? (Hapana, siyo TANESCO.) Homoni ya estrojeni hupeleka mafuta nyongani, ndiyo maana mama akishakoma hedhi mafuta huanza kuhamia tumboni. Lakini mabinti wawili wa umri mmoja, wanaokula ugali wa sufuria moja, bado hutofautiana. Hapo vinasaba vinaingia. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watu 224,459, wengi wao wenye asili ya Ulaya, sisi kama kawaida pembeni. Yalipatikana maeneo 49 ya vinasaba yanayohusiana na mgao wa mafuta kati ya kiuno na nyonga, hata baada ya kuweka kando unene wenyewe. Maeneo 20 yalitofautiana kati ya wanaume na wanawake, na 19 kati ya hayo yalikuwa na nguvu zaidi kwa wanawake.

Kwa hiyo dada tunayemcheka anachekwa kwa alichorithi. Halafu anauziwa kopo la krimu au vidonge visivyo na maelezo ya maana, kwa hela ya mtaji wake wa vitumbua. Kibaya zaidi, deksamethasoni, dawa ambayo sehemu mbalimbali za Afrika watu huimeza ili wanenepe, ikitumiwa muda mrefu husukuma mafuta usoni, shingoni na tumboni. Yaani ametafuta nyonga, amepewa kitambi cha bosi.

Najua kuna atakayesema "basi na mimi kitambi changu ni cha ukoo". Taratibu, kaka. Vinasaba vina sauti kubwa juu ya mafuta yakae wapi, lakini wingi wake una habari nyingine, na habari hiyo inapitia kwenye chipsi mayai, bia na kukaa kutwa nzima. Utafiti wa watu wazima 1,249 wa Kinondoni, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta 19.2% wana unene uliokithiri: wanawake 24.7%, wanaume 9%. Akina dada nao hawajasalimika, ila mizani haisemi mafuta yamekaa wapi.

Futi ya fundi cherehani inasema. Pima kiuno, pima nyonga, gawanya cha kwanza kwa cha pili. Kwa Shirika la Afya Duniani, mwanaume akifika 0.90 na mwanamke 0.85, hatari imeongezeka. Mimi nimeshaazima futi kwa fundi wa mtaani kwetu. Naanza na wajomba.