HESABU PUMZI KWANZA

Ndugu wananchi wa Kigoma, Ujiji na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika, juma hili twataka kusema habari ya kikohozi. Wako watakaocheka. Anayecheka na aende zahanati yo yote asubuhi ya upepo, awatazame akina mama walioketi na watoto mapajani, kisha atazame kila mmoja anatoka na nini mkononi. Mara nyingi ni amoksilini. Mwenye mafua amoksilini, mwenye kikohozi cha siku mbili amoksilini.

Mwongozo wa Matibabu wa Taifa tunao, nao ulitolewa upya mwaka 2021. Uko pia utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa kumtazama mtoto mgonjwa, na waganga wetu wengi wamefundishwa huo. Mambo yake si ya kitaalamu mno hata mwananchi asiyaelewe. Mtoto mwenye kikohozi afunuliwe kifua, atulizwe, ahesabiwe pumzi kwa dakika moja nzima. Aliye na miezi miwili mpaka asiyetimiza mwaka, zikifika 50 au zaidi, ni dalili ya nimonia. Aliye na mwaka mmoja mpaka asiyetimiza mitano, hesabu ni 40. Huyo apewe amoksilini, kipimo kamili, siku zote alizoandikiwa. Lakini ikiwa pumzi hazijafika hapo, kifua hakibonyei ndani, wala hakuna dalili nyingine ya hatari, basi hayo ni mafua. Anyonyeshwe, anyweshwe, arudishwe upesi akizidiwa. Mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiviui virusi hata ukimnywesha mtoto chupa nzima.

Watu wanatuambia hayo ni maneno ya vitabuni. La hasha! Mikoa ya Mbeya na Morogoro ilifanyiwa majaribio katika zahanati na vituo vya afya 40, na matokeo yake yakachapwa mwaka 2024. Nusu ya vituo viliendelea kama kawaida. Nusu ya pili vilipewa mwongozo ndani ya kishikwambi, unaomwongoza mganga hatua kwa hatua, pamoja na vipimo vichache vya papo hapo. Katika vituo vya kawaida, watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa dawa za kuua bakteria. Katika vile vingine walikuwa 23 tu. Wala watoto hawa hawakupona kidogo kuliko wale.

Mganga ni yule yule Mtanzania, mafunzo ni yale yale, na mtoto anakohoa vile vile. Kilichobadilika ni kwamba mwongozo ulitoka kabatini ukakaa mkononi mwake.

Basi hatuandiki haya ili kumtukana mganga wa zahanati. Mara nyingi yuko peke yake, na foleni inafika mlangoni. Mbele yake yuko mama aliyekuja kwa mtumbwi, na usiku mtoto akizidiwa, ziwa likichafuka, hakuna chombo kitakachomrudisha. Nani asiyeogopa kumwachia mama huyo aondoke mikono mitupu? Anampa dawa ili alale kwa amani. Woga huo ni wa kibinadamu, lakini hautaondolewa kwa kitabu kinene cha Kiingereza. Wala muuza duka la dawa hataacha kuuza vidonge sita vya nusu dozi ikiwa mnunuzi mwenyewe ndiye aliyeviomba.

Na hasara ni yetu. Bakteria waliozoea dawa huwa sugu. Siku nimonia ya kweli itakapokuja na amoksilini ishindwe, mwenye fedha atapanda ndege kutafuta dawa nyingine ya bei kubwa. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga atapanda nini? Amoksilini ni mali ya maskini, na kila inapopotezwa kwa mafua, ni akiba yake inayoliwa.

Mambo mema yana desturi ya kuchoka njiani kabla ya kufika mwisho wa reli. Hatukubali. Kilichofaa Mbeya na Morogoro kiletwe huku. Kabla hakijaja, saa yenye mshale wa sekunde na karatasi moja ya Kiswahili ukutani havihitaji msaada wa ng'ambo. Nanyi akina mama, mkifika zahanati ulizeni kwa heshima: "Mganga, umemhesabia pumzi?" Akisema amehesabu na dawa haihitajiki, msimlazimishe. Akisema pumzi zimezidi, msikatishe dawa siku ya pili kwa kuwa mtoto ameanza kucheza.

Madiwani wetu watakapokaa kupanga fedha za mwaka, swali tutakalowapelekea ni hili: zahanati ngapi za mwambao zina saa ya kuhesabia pumzi, na ngapi zina mwongozo wa Kiswahili ukutani? Jibu lao tutalichapa katika ukurasa huu huu.