Marufuku pekee haitaokoa msandali

MTI mwingi ukikatwa kwa ajili ya kuni, kisiki hubaki ardhini na huenda kikachipuka mvua ikinyesha. Msandali haupewi nafasi hiyo. Hung'olewa pamoja na mizizi, kwa kuwa humo ndimo yalimo mafuta yanayotafutwa na watengenezaji wa manukato na vipodozi ng'ambo.

Ndiyo sababu kichaka hicho cha maeneo kame kama Samburu, Baringo na Kajiado kimezidi kuadimika. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwituni mwaka 2007. Mwaka 2013, mkataba wa CITES ulianza kudhibiti kwa vibali biashara ya kimataifa ya msandali kutoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Hata hivyo, shehena za magendo zimeendelea kunaswa.

Wadadisi wa masuala ya misitu wanafahamu kwamba marufuku, hata ikitekelezwa kikamilifu, haitoshi. Msandali huwa wa kiume au wa kike. Wa kike pekee ndio huzaa matunda, na huhitaji wa kiume karibu nao. Palipobaki vichaka vichache vilivyotawanyika, mbegu huwa haba hata kama ukataji umekoma.

Suluhisho ni kuotesha miche, lakini kazi hiyo nayo ina masharti. Anayekusanya mbegu akikwanyua matunda yote, huwanyima ndege chakula na kuunyima msitu wenyewe miche ya kesho. Kanuni inayofuatwa na hifadhi za mbegu duniani ni kutochukua zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, na kuzitoa kwa mimea mingi ili miche isiwe ya mama mmoja.

Kitaluni kuna mtihani mwingine. Mizizi ya msandali hujishikiza kwenye mizizi ya mimea jirani na kufyonza maji na madini. Kwa hivyo mche huhitaji mwenzake wa kuutegemea, na utafiti uliofanywa Tanzania umeonyesha kuwa aina ya jirani huyo huathiri ukuaji wake.

Suala hili limekuja wakati muhimu. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Lengo linalopimwa kwa idadi huwavutia wenye vitalu kuzalisha miche myepesi kuotesha, na msandali si mmoja wao.

Iwapo serikali inataka kichaka hiki kirejee, haina budi kuwalipa wakazi wa maeneo hayo kwa mbegu na miche ya asili. Mfugaji anayejua msandali ulipo humpatia mlanguzi mzizi mara moja tu. Akilipwa vyema kwa mbegu, atakuwa na sababu ya kuulinda mmea huo kila msimu.