Nani anamlipa mkaguzi?

Mwandishi, katika makala yako kuhusu ukaguzi wa kosher, yaani vyakula vinavyoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi, umegusa penyewe, ila suala la mshahara umelipita mbio. Kule Israeli, mkaguzi anayechambua majani ya saladi kutafuta wadudu kwa miaka mingi amelipwa na mwenye mgahawa huyohuyo anayemkagua. Atathubutu kumfungia? Mahakama ya Juu ilipolegeza ukiritimba wa Ofisi ya Marabi Wakuu juu ya ukaguzi huo mwaka 2017, na Tzohar, chama cha marabi wa Kiorthodoksi, kikaanza ukaguzi wake 2018, wengi walilalamika kwamba jamii inagawanywa. Jamani, Eda Haredit, jumuiya ya Wayahudi wenye msimamo mkali wa dini ya Jerusalem, ilikuwa na muhuri wake wa kosher zamani sana! Ushindani hauniogopeshi hata kidogo. Ninachoomba ni kimoja: kila cheti kinachobandikwa mlangoni kitaje anayemlipa mkaguzi.