Ushauri wa Shamba Usiishie Kwenye Grupu la WhatsApp

Leo sizungumzii mbolea wala bei ya kahawa. Nazungumzia mahali tunapohifadhi ushauri wa kilimo, kwa sababu nimeona kwa macho yangu namna ushauri uliohifadhiwa vibaya unavyoua shamba.

Msimu uliopita kijana mmoja wa kata ya jirani alinipigia simu akiwa na furaha kabisa. "Bwana shamba, ile kazi nimeimaliza. Nimeng'oa yote." Nikachukua pikipiki nikaenda. Nikakuta mashina ya migomba kama 40 yamelala chini, mizizi juu. Nilipomuuliza vizuri, kumbe aliyokuwa ameiona na mnyauko ilikuwa migomba tisa tu. Nani alimwelekeza? Akafungua simu, akanionesha picha ya bango iliyokuwa ikizunguka kwenye grupu la WhatsApp. Bango linasema ng'oa shina zima lenye ugonjwa, na majirani zake pia, kisha fukia.

Lile bango nililifahamu. Niliwahi kulituma mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, kwenye grupu jingine.

Wakati natuma halikuwa uongo. Mnyauko huu wa bakteria ulijulikana kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye mmea unaofanana na mgomba uitwao ensete. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na mwaka 2006 ukathibitishwa hapa kwetu Kagera. Mwanzoni ushauri uliotolewa sehemu nyingi ulikuwa kung'oa shina lote. Baadaye watafiti wakabaini kwamba bakteria si lazima wafike kwenye kila mgomba wa shina moja. Mgomba mama unaweza kuugua, na machipukizi yake kadhaa yakabaki mazima yakazaa. Ndipo ushauri ukabadilika: kata mgomba unaoumwa peke yake, usawa wa udongo, bila kuchelewa, kisha fuatilia iliyobaki. Ondoa ua dume kwa mti wenye panda mara chane ya mwisho ikishatoka, usitumie panga. Panga likitumika kwenye mgomba wowote, lichovye kwenye maji ya Jiki au liunguze kwenye moto kabla ya kugusa mwingine. Usichukue machipukizi ya kupanda kutoka shamba lenye ugonjwa. Dawa ya kuuponya hakuna, kwa hiyo usimpe mtu hela yako.

Ushauri umebadilika, lakini bango langu halikubadilika. Limeshakopiwa kwenye simu sijui ngapi, na siwezi kulifuta hata moja. Kijana yule atasubiri mwaka mzima na zaidi kabla hajauza mkungu tena kwenye kile kipande. Mimi nilimwomba radhi. Lakini radhi haizai ndizi.

Msimamo wangu leo ni huu: kila kikundi cha vijana wanaolima kibiashara kinatakiwa kuwa na ghala lake la maarifa, mahali pamoja panapoweza kusahihishwa, na kutoka hapo ndipo ujumbe uende WhatsApp, redioni, kwenye ubao wa kijiji na kwenye ukurasa wa intaneti. WhatsApp iwe mlango. Isiwe ghala.

Ghala lisilo na kichwa

Wataalamu wa kompyuta wana namna ya kujenga kurasa ambayo inalingana na jambo hili moja kwa moja. Wanaiita mfumo wa maudhui usio na kichwa. Jina linachekesha ila maana yake ni nyepesi. Mifumo tuliyoizoea, kama WordPress jinsi wengi wanavyoitumia, imeunganisha ghala na duka: mahali unapoandika na sura anayoiona msomaji ni kitu kimoja. Mfumo usio na kichwa unabaki na ghala peke yake. Unaandika taarifa, unaipanga kwenye vyumba vyake, basi. Sura ya kuonyesha unaiweka mwenyewe, na unaweza kuweka sura zaidi ya moja juu ya taarifa ileile.

Hebu tuchukue mnyauko. Kwenye ghala unaweka vyumba vitano: jina la tatizo, dalili, hatua za kuchukua, tarehe ya kuhakikiwa, na jina la aliyehakiki. Ukishajaza mara moja, kutoka hapohapo unapata ukurasa wa simu, ujumbe mfupi wa herufi 160, bango la kubandika ofisi ya kata, na maelezo ya kupeleka Radio Kwizera. Ushauri ukibadilika, unasahihisha chumba kimoja, na kila kitakachotolewa kuanzia hapo kinatoka kikiwa sahihi.

Kile chumba cha tarehe ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Unaweza kuuambia mfumo usikubali kutoa kitu chochote kisicho na tarehe ya kuhakikiwa. Bango langu lingekuwa na tarehe kubwa pale juu, huenda yule kijana angenipigia kabla ya kushika jembe.

Chakula cha mama ntilie

Jambo la pili ni namna ukurasa unavyomfikia msomaji. Ukiagiza chipsi mayai, unasubiri. Kila mteja anakaangiwa ya kwake, na wakija watu 20 kwa pamoja mkaangaji anazidiwa. Mama ntilie yeye kapika sufuria la maharage asubuhi, ukifika anapakua tu.

Tovuti nyingi zinafanya kazi kama chipsi mayai. Kila mtu anapofungua ukurasa, seva inaanza kutafuta taarifa kwenye hifadhidata na kuupanga ukurasa upya. Kurasa tuli ni maharage ya mama ntilie. Programu kama Hugo, Jekyll au Eleventy inachukua kila kilichomo ghalani, inapika kurasa zote mara moja, kisha seva inabaki kupakua tu. Ukisahihisha kitu, inapika upya. Kwa ghala dogo la kikundi hiyo ni kazi ya dakika chache.

Kwa sisi tunaotafuta mtandao kwa kupanda juu ya kichuguu, tofauti inaonekana. Ukurasa wa maandishi matupu wa maneno 1,000 hauzidi kilobaiti 10. Picha moja iliyopigwa na simu ya kisasa bila kupunguzwa inafika megabaiti 3 na zaidi, yaani sawa na kurasa kama hizo 300. Unalipia bando lilelile. Sasa mkulima kabakiza megabaiti 20 jioni na anataka kujua kama ndizi yake inaumwa. Umpe nini?

Halafu kurasa tuli ni mafaili tu. Zikitengenezwa kwa mpangilio mzuri, unaweza kuzinakili kwenye memori kadi na mtu akazifungua kwenye simu bila intaneti kabisa. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizima dunia nzima kwa takriban saa sita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikawa shida Tanzania na kwa majirani. Mnyauko haukusubiri mtandao urudi.

Mnaonipinga nawasikia

Nimezungumza haya kwenye vikao, na nimejibiwa. Majibu mengine yana uzito.

La kwanza: "Watu wako WhatsApp, bwana shamba, huko kwenye kurasa hakuna mtu." Kweli. Ndiyo maana sisemi tutoke WhatsApp. Nasema ukituma kwenye grupu, tuma maneno mawili na kiungo cha ukurasa, usitume bango peke yake. Bango likishatoka mkononi mwako huwezi kulirudisha. Ukurasa nyuma ya kiungo unaweza kuusahihisha hata baada ya miaka mitano, na aliyehifadhi kiungo cha zamani atakuta maneno mapya. Na kama lazima utume picha, iwe na tarehe.

La pili: "Hiyo ni kazi ya mafundi wa kompyuta." Nusu kweli. Kupanga mfumo mara ya kwanza kunataka mtu mwenye laptopu na uvumilivu. Lakini kila kijiji sasa kina kijana aliyesoma mambo ya kompyuta na yuko nyumbani anasubiri ajira. Mpeni kazi hiyo, mumlipe. Baada ya hapo, kuandika ushauri mpya ni kujaza fomu. Upo mfumo wa bure unaoitwa Decap CMS ambao unahifadhi maandishi yako kama mafaili ya kawaida, kwa hiyo hata mfumo wenyewe ukifa kesho, maandishi yenu mnabaki nayo. Kwa kurasa, huduma kama GitHub Pages haitozi kitu kwa kikundi kidogo. Ila jueni, hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kuendesha duka la mtandaoni. Ni ya kusomesha na kutangaza.

La tatu lilitoka kwa binti mmoja mfugaji wa kuku, na hili lilinikaa kichwani. Alisema: "Wewe unahama kata. Ukihama, nani atahakiki?" Hapo hakuna programu itakayotusaidia. Ghala bila mwenye funguo litaoza kama ghala la mahindi lisilofunguliwa. Jibu langu ni kwamba ghala lisiwe la bwana shamba. Liwe la kikundi, nywila iwe kwa watu wawili au watatu, na kwenye kila kikao cha robo mwaka iwepo ajenda moja: ushauri gani umepitwa? Afisa ugani aliyepo ahakiki, na penye utata tuulize TARI Maruku. Msipokuwa tayari kwa kazi hiyo ya robo mwaka, nawashauri msianze kabisa. Ghala lililoachwa ni hatari kuliko kutokuwa nalo, maana watu wanaliamini.

Anzeni hivi

1. Msianze na kompyuta. Anzeni na daftari. Andikeni matatizo kumi ambayo wanakikundi wanauliza kila msimu: mnyauko wa migomba, viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, batobato ya muhogo, na kadhalika.

2. Kila tatizo liwekeni kwenye vyumba vile vitano. Mkishindwa kujaza chumba cha aliyehakiki, ushauri huo bado haujaiva. Msiutoe.

3. Kila ukurasa uwe na picha moja au mbili, zilizopunguzwa ukubwa, za shamba la hapa kwetu. Mkulima akiona mgomba unaofanana na wake ataelewa haraka.

4. Andikeni Kiswahili cha kuongea. Jina la ugonjwa kwa Kihangaza au Kishubi lisisahaulike, maana wengi wanaujua kwa jina hilo.

5. Namba za simu na majina ya wanachama msiyaweke hadharani bila ridhaa yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na inafanya kazi. Pia kabla hamjaanza kutangaza kwa umma, waulizeni TCRA kama huduma yenu inahitaji leseni ya maudhui ya mtandaoni.

6. Mkishakuwa na kumi zilizokamilika, hapo ndipo mtafute yule kijana wa laptopu.

Mtaona kwamba sehemu kubwa ya kazi haihitaji umeme. Na faida yake haiishii kwenye magonjwa. Ghala hilohilo linaweza kubeba kalenda ya mavuno ya kikundi: nani ana maharage, magunia mangapi, yako tayari lini. Mnunuzi akipiga simu kutoka Kabanga au Rusumo, mnampa jibu moja. Siku hizi anapata majibu saba kutoka kwa watu saba, kila mmoja na bei yake, na mwishowe anakwenda kununua kwingine.

Mimi nimeanza na deni langu. Nimeandika upya ushauri wa mnyauko wa migomba, nimeweka tarehe, nimeweka jina langu. Kila grupu nililomo nimetuma ujumbe kwamba lile bango la zamani la kung'oa mashina lisifuatwe. Najua halitafika kote. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma hapa: ukilikuta kwenye simu ya baba, shangazi au jirani, lifute, kisha mweleze akate mgomba unaoumwa tu, na panga alichovye kwenye Jiki.

Yule kijana amepanda upya. Machipukizi ameyachukua kwenye shamba safi, nilikwenda naye kuyachagua. Akaniuliza njiani, "Na huu ushauri wa leo, bwana shamba, utabadilika lini?" Nikamwambia sijui, lakini safari hii ukibadilika atajua mahali pa kuutafuta.

Tukutane shambani.