Sindano ya moyo isikose hata mwezi moja



Mutoto anaumwa koo. Mama anamupa tangawizi, inapita. Majuma mbili tatu kisha, magoti yanavimba, tunasema anakomaa. Siku moja anashindwa kupanda na bidoni ya maji toka ziwani, tunamuita muvivu. Kumbe ule ugonjwa wa koo ulishafika ku moyo.

Dawa iko, na si ya ajabu: benzatini penisilini, sindano moja kila majuma tatu ao ine, miaka kumi, mara ingine kupita. Ni hapo muzazi na mutoto wanapotezana. Mama anaona mutoto anacheza mupira, anasema amepona, franga ziende ku unga. Mutoto anaogopa sindano (inaumaka kweli!), tena anajua nyumbani hakuna kitu, basi anaficha namna anavyohema. Kila mutu anamuhurumia mwenzake, moyo unaendelea kuharibika.

Tunakataa kusikia tena "bazazi ni bajinga". Benki za Goma zilifunga Januari 2025. Mama atatosha wapi? Katiba yetu, makala 47, inahakikisha haki ya afya. Tunadai kwa Kinshasa, na kwa wale wenye kushika muji leo pia: sindano hiyo iwe bure mu kila kituo cha afya, toka Birere mpaka Majengo, na daftari ya kumufuata kila mutoto. Kupasuliwa moyo Kampala ao India, nani kati yetu atalipa?

Na wewe, kama mudogo wako anaumwa koo na homa, umupeleke kituo leo.