Futi Mia za Mwenye Nyumba

Wako watu ambao wakisikia kuwa Serikali imetoa amri, huuliza kwanza ni Serikali ya nani, ndipo wajue kama waisifu au wailaani. Sisi hatupimi kwa mizani hiyo. Sheria ya kusafisha mazingira ya nyumba ili kujikinga na moto wa msituni, kama ilivyo katika jimbo la California huko Marekani, ni sheria njema. Na Serikali iliyoitunga imeiendesha vibaya. Mambo haya mawili yaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na mwanachama asiyeweza kuyatenganisha hakifai chama chochote kilicho nje ya Serikali.

Sheria yenyewe ni nyepesi kufahamika. Mwenye nyumba aliye katika sehemu zenye khatari ya moto hutakiwa kuweka nafasi ya kinga ya futi 100 kuizunguka nyumba yake, au mpaka kiwanja chake kinapokoma. Zamani zilikuwa futi 30. Zikafanywa 100 tangu mwaka 2005. Futi 30 za mwanzo husafishwa sana: majani makavu yaondolewe, matawi yaliyokufa yakatwe, kuni zisirundikwe karibu. Katika futi zilizobaki vichaka hupunguzwa, ili moto ukija ukose cha kula.

Wengi hudhani kwamba nyumba huunguzwa na ukuta wa ndimi za moto utokao msituni. Jack Cohen, mtaalamu aliyefanya kazi miaka mingi katika Idara ya Misitu ya Marekani, alionyesha kuwa mara nyingi sivyo. Adui mkubwa ni cheche. Hurushwa na upepo mbali sana mbele ya moto, zikatua juu ya majani makavu katika mifereji ya paa, zikapenya katika matundu ya hewa, zikaangukia zulia la mlangoni au ua wa mbao uliogusana na ukuta. Katika mji wa Paradise, Novemba 2018, watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Na baada ya moto ilionekana misonobari mingi imesimama na majani yake mabichi kando ya nyumba zilizokuwa majivu. Nyumba ndizo zilizokuwa kuni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa sababu hiyo Bunge la California lilipitisha mwaka 2020 sheria nyingine, kwamba futi 5 zilizo karibu kabisa na ukuta zisiwe na kitu cha kushika moto. Kanuni zake zilitakiwa ziwe tayari tarehe 1 Januari 2023. Siku hiyo ikapita. Mwaka 2023 ukapita, na wa 2024 ukapita. Januari 2025 ikawaka mioto ya Palisades na Eaton katika Los Angeles, majengo zaidi ya 16,000 yakaangamia na watu 31 wakapoteza roho zao. Mwezi uliofuata Gavana Gavin Newsom akatoa amri kwamba kazi ile imalizwe kabla ya mwaka kwisha.

Hatusemi kwamba kanuni za futi 5 zingaliokoa kila nyumba katika upepo ule. Asemaye hivyo hasemi kweli. Lakini mwenye nyumba akichelewa kufyeka majani yake hupewa ilani, kisha hutozwa faini. Serikali iliyochelewa miaka miwili na zaidi ilipewa ilani na nani?

Tutazame sasa mzigo umewekwa mabegani mwa nani. Kukata mti mkubwa ulio kando ya paa si kazi ya panga na mchana mmoja. Yataka mafundi, kamba na fedha nyingi. Tajiri hulipa akasahau. Ajuza anayeishi kwa pensheni hulipa nini? Tena katika mitaa ya Altadena viwanja ni vidogo, na futi 100 za mtu huishia ndani ya ua wa jirani yake, wala sheria haimpi ruhusa ya kuingia huko. Aweza kusafisha kwake kama kiganja cha mkono, akaunguzwa na nyumba ya pili.

Na jirani mkubwa kuliko wote ni Serikali. Katika misitu ya California, kiasi cha asilimia 57 ni mali ya Serikali kuu ya Marekani. Mwenye kiwanja kidogo hukaguliwa. Mwenye mamilioni ya eka hujipangia mwenyewe siku ya kusafisha.

Kisha kuna kampuni za bima. Wengi walisafisha kama walivyoamriwa, na bado wakaandikiwa barua kuwa bima yao haitafanywa upya. Kanuni iliyotolewa na jimbo mwaka 2022 huzitaka kampuni zimpunguzie bei aliyeikinga nyumba yake, lakini haizilazimishi kumkubali. Punguzo la bei linamfaa nini mtu aliyenyimwa bima yenyewe?

Wapo wanaopinga sheria kwa hoja ya kuwa miti mibichi iliyonyweshwa maji huleta kivuli, na pengine huzuia cheche. Hoja hii si ya kuchekwa. Huko New South Wales, Australia, mwaka 2014 watu waliruhusiwa kukata miti iliyo ndani ya mita 10 za nyumba zao bila kibali, na mara yakazuka malalamiko kuwa wengine wanakata ili wapate kuona bahari, hata Serikali ikalazimika kuyapunguza maeneo yaliyopewa ruhusa. Hilo, kwa rai yetu, laonyesha kuwa sheria yataka mkaguzi mwenye macho. Halionyeshi kuwa haitakiwi.

Basi chama cha upinzani katika jimbo kama lile kingepaswa kudai nini? Kisidai futi zipunguzwe. Kidai mtaa mzima ukaguliwe siku moja, si nyumba moja moja. Fedha za hazina ziwakatie miti wazee na maskini kabla ya faini yoyote. Kampuni ya bima isimkatae aliyepewa cheti na mkaguzi. Na tarehe ya mwisho ya kusafisha ardhi ya Serikali iwe ile ile ya mwananchi, iandikwe na kubandikwa mahali pa wazi watu waisome.